Sajini aliyehamisha shabaha hadi mkono wa kushoto

Chukua kalamu. Ishike kwa mkono ambao hujauzoea, kisha andika jina lako, majina yote matatu, kama mtu aliyeketi benki mbele ya karani asiye na subira. Umeona hiyo mambo? Imetoka kama mwandiko wa mtoto wa chekechea aliyekuwa anaandikia ndani ya matatu. Mimi nilijipa wiki nzima ya kufanya kila kitu kwa kushoto. Siku ya pili fizi zilikuwa zinauma kwa sababu ya mswaki, na siku ya tatu nikaachana na hiyo biashara.

Nilikuwa najaribu kuelewa maisha ya mtu mmoja. Jina lake ni Károly Takács, mwanajeshi wa Hungaria, na kama umewahi kukaa kwenye hema la kongamano la vijana ukimsikiliza mtu aliyelipwa kuja kukutia moyo, huenda ushamsikia. Hao jamaa humsimulia kwa dakika mbili. Mkono ulilipuliwa, akatumia ule mwingine, akashinda dhahabu, makofi tafadhali. Ni kweli, sikatai. Lakini wanakupa ganda, tunda wanabaki nalo. Kuna kitu hawakitaji hata mara moja, nacho ni bastola yenyewe aliyokuwa ameishika.

Takács alizaliwa Budapest tarehe 21 Januari 1910. Aliingia jeshini, akapata cheo cha sajini, na kufikia 1936 alikuwa miongoni mwa walenga shabaha bora zaidi wa bastola duniani. Michezo ya Olimpiki mwaka huo ilikuwa inafanyika Berlin, safari ya treni tu kutoka kwao. Hakwenda.

Hakwenda kwa sababu ya hicho cheo. Katika jeshi la Hungaria wakati huo, nafasi ya kulenga shabaha kwenye timu ya Olimpiki ilikuwa ya maafisa wenye kamisheni peke yao. Sajini si afisa. Hata kama unapiga katikati ya shabaha macho yakiwa yamefumbwa, wewe ni sajini, keti chini.

Sasa sikia hii. Timu ya Hungaria iliyokwenda Berlin ilikuwa na mchezaji wa polo ya majini anayeitwa Olivér Halassy. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umekatwa chini ya goti tangu utotoni. Aliingia majini, akacheza, akarudi na dhahabu, na haikuwa ya kwanza kwani alikuwa ameshinda nyingine Los Angeles mwaka wa 1932. Kwa hivyo nchi hiyohiyo, mwaka huohuo, ilimkubali mtu wa mguu mmoja na ikamkataa mtu aliyekuwa na viungo vyote. Mguu si shida. Shida ni karatasi ya cheo.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili baada ya karo kukwama, na tangu siku hiyo nimesoma matangazo ya kazi nyingi ambazo naweza kuzifanya nikiwa nusu usingizini, ila mstari wa kwanza unadai cheti. Ndiyo maana hii sehemu ya sajini hunigusa kuliko ile ya mkono, na ndiyo sehemu ambayo kwenye hema la kongamano huruka kabisa. Ajali ya mkono ni bahati mbaya. Hii nyingine iliandikwa na watu waliokuwa wameketi kwenye viti, wakinywa kahawa.

Baada ya Berlin kanuni hiyo iliondolewa. Takács akaanza kuhesabu miaka hadi 1940.

Kabla tufike huko, wacha tuongee kidogo kuhusu hiyo bastola, kwa sababu bila kuielewa hutaona alichokifanya mtu huyu. Na kabla hujaanza kuota: hapa Kenya silaha ni kitu cha leseni, bodi ya leseni za silaha ikuchunguze, na mazoezi yafanyike kwenye uwanja unaotambulika. Hata ile ya kuchezea inayofanana na ya kweli inaweza kukuletea karao mlangoni. Mimi nimeshika bastola ya mazoezi mara moja tu maishani, haikuwa na risasi, na aliyenipa hakuondoa macho kwa kidole changu hata sekunde moja.

Sinema zimetudanganya kwamba bastola nzuri ni kubwa, nyeusi, ikilia dirisha linapasuka. Mlenga shabaha anataka kinyume chake. Anataka ile ya .22, ndogo kabisa, ambayo risasi yake ina upana wa milimita 5.6, nyembamba kuliko penseli. Ukiokota ganda lake utaona tofauti nyingine. Risasi kubwa huwa na kidoa cha duara katikati ya kitako, mahali ambapo sindano ya bastola hugonga ili baruti ishike moto. Ganda la .22 halina kidoa. Kiwashio chake kimepakwa ndani ya ukingo wa kitako, kuzunguka pande zote, na sindano hugonga hapo ukingoni. Hii mbinu ni ya zamani sana, kampuni ya Smith & Wesson ilianza kuuza risasi fupi ya .22 mwaka wa 1857, na bado iko kwa sababu moja ya mfukoni: risasi ni rahisi kutengeneza, kwa hivyo ni za bei nafuu. Ganda ukishalitumia ni la kutupa, huwezi kulijaza upya nyumbani kama wanavyofanya na zile kubwa. Lakini unaweza kupiga mamia ya risasi bila kuuza ng'ombe.

Sababu ya pili ndiyo inayotuhusu zaidi. Bastola kubwa ikilia huruka mkononi, mdomo unaelekea angani, na wewe unaanza upya kuitafuta shabaha. Halafu kuna ubaya mwingine unaoingia polepole: mwili hujifunza kuogopa. Unakaza kiganja na kufumba macho kabla risasi haijatoka, na unaweza kufanya hivyo miezi sita bila kujua. Ya .22 hurudi nyuma kidogo tu, kama mtu aliyekugusa bega. Kila kosa unalofanya linabaki kuwa lako, unaliona, unalirekebisha. Ndiyo maana anayeanza huanzia hapo, na ajabu ni kwamba hata bingwa wa Olimpiki humalizia hapohapo.

Mchezo wa Takács ni ule wa kupiga kwa kasi kutoka mita 25. Mbele yako kuna shabaha tano zimepangwa kando kwa kando. Unapewa risasi tano, moja kwa kila shabaha, kwanza kwa sekunde 8, baadaye kwa sekunde 6, kisha kwa sekunde 4. Hesabu hiyo ya mwisho. Sekunde 4, unainua mkono, unapiga ya kwanza, unasogea, ya pili, unasogea, mpaka ya tano. Mkono mmoja peke yake, ule mwingine umetulia kiunoni au mfukoni. Jumla ni risasi 60, na kila moja ikiingia katikati unapata 600. Hakuna mwanadamu anayeweza kufanya hivyo na bastola inayoruka. Kwa miaka mingi watu wa mchezo huu walitumia ile risasi fupi kabisa ya .22 ili mtutu usitikisike.

Ukimuuliza anayejua jinsi ya kuchagua bastola ya mazoezi, hataanza na jina la kampuni. Atakushika mkono wako kwanza. Mpini ukiwa mnene kuliko kiganja, kidole hakifiki vizuri kwenye kifyatulio, kinavuta kwa pembeni, na risasi inakwenda pembeni. Atakuambia usikilize kifyatulio: kiwe chepesi lakini kisikushtue, na kila mara kivunjike mahali palepale. Atakuambia uinue bastola macho yakiwa yamefumbwa, kisha uyafumbue uone kama imeelekea mbele yenyewe ama inakulazimisha kupinda kifundo. Ikikulazimisha, irudishe kwenye meza. Pia atakuonya usiivutevute bila risasi, maana katika nyingi za .22 sindano ikikosa ganda la kugonga inagonga chuma, na pole pole inaharibu pale risasi inapokaa.

Halafu atauliza swali ambalo wewe na mimi hatungelifikiria: unatumia mkono upi?

Kwa sababu, bana, bastola hizi zimetengenezewa watu wa kulia. Mpini wa mashindano ni mbao iliyochongwa kufuata kiganja, ina mahali pa kidole gumba na kibao cha kuegemeza chini ya mkono. Ule wa kulia hauingii kushoto kama vile kiatu cha kulia hakiingii mguu wa kushoto. Kufuli ya usalama mara nyingi imewekwa mahali ambapo gumba la kulia linafika. Ganda tupu hurukia upande wa kulia, na mtu wa kushoto anaposimama ubavu kwa shabaha, upande huo ndio kifua chake kimeelekea. Bastola yenyewe inakuambia hukufikiriwa.

Haya. Turudi 1938.

Takács alikuwa kwenye mazoezi ya jeshi. Guruneti lenye hitilafu likalipuka likiwa mkononi mwake, mkono wa kulia, ule wa bastola. Alilazwa hospitalini mwezi mmoja. Mkono ulikuwa umeharibika kiasi kwamba haungeshika bastola ya mashindano tena. Alikuwa na miaka 28, Olimpiki ilikuwa miaka miwili mbele, na ile kanuni iliyokuwa imemzuia ndiyo kwanza imeondoka njiani.

Sisi tumelelewa kuudharau mkono wa kushoto. Ukimpa mzee kitu kwa kushoto unarudishwa na kitu chako. Shosho yangu hakuwa na mjadala kwa jambo hilo, alikuwa anagonga vidole kwanza kisha ndiyo anauliza. Takács alikwenda kuuomba kazi huo mkono wa akiba, na alifanya hivyo kwa siri. Hakumwambia mtu. Alitoka hospitalini, akaanza kujifundisha kupiga kwa kushoto, na wenzake wote wakijua kwamba kulenga shabaha kwake kumekwisha.

Hiyo siri naielewa vizuri sana. Ukitangaza unachojaribu, watu huanza kukuonea huruma kabla hata hujashindwa.

Sasa hapa ndipo natofautiana na watu wa hema. Wao husema alianza upya kutoka sifuri. Si kweli, na ukiamini hivyo utajiumiza bure. Fikiria alichopoteza na alichobaki nacho. Alipoteza kiganja chenye nguvu na kumbukumbu ya miaka mingi, alipoteza kidole kilichojua uzito wa kifyatulio. Mtu wa kulia mara nyingi hulenga kwa jicho la kulia pia, kwa hivyo kila anayehama mkono lazima aamue kama atahamisha na jicho ama atapinda kichwa. Miguu nayo inageuka, ubavu uliokuwa nyuma unakuja mbele. Kazi si ndogo.

Lakini alijua picha ya nondo mbili za kulengea zikikaa sawa inafanana vipi. Alijua wakati wa kuvuta pumzi na wakati wa kuizuia. Ule mdundo wa shabaha tano, kupiga na kusogea, ulikuwa ndani yake kama wimbo, na wimbo hauko mkononi. Zaidi ya yote alijua kosa linahisi vipi. Anayeanza akikosa hajui kama ni kidole, ni macho ama ni woga. Yeye alijua papo hapo. Na kifaa kilikuwa kile kidogo kisichohitaji mabavu, kinachokuruhusu kurudia na kurudia bila mwili kujifunza woga mpya. Angekuwa ni mtupa tufe au mpiga ndondi, sijui kama hii hadithi ingekuwepo.

Mchipuko wa 1939, mashindano ya kitaifa ya bastola ya Hungaria. Takács akatokea uwanjani. Husimuliwa kwamba wenzake walimwendea kumpa pole, wakamshukuru kwa kuja kuwatazama licha ya yaliyompata, naye akawajibu kwamba hakuja kutazama, amekuja kushindana. Akashinda. Hebu fikiria zile nyuso.

Mwaka huohuo alikuwa kwenye timu ya Hungaria iliyonyakua ubingwa wa dunia. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Halafu dunia ikaingia vitani. Olimpiki ya 1940, iliyokuwa imehamishwa kutoka Tokyo hadi Helsinki, ikafutwa. Ile ya 1944 ilikuwa imepewa London, nayo ikafutwa. Yeye alikuwa na miaka 30, kisha 34, umri ambao watu huwa kwenye kilele, na hakukuwa na mahali pa kupanda. Budapest yenyewe ilizingirwa majira ya baridi ya 1944 na 1945, madaraja yake yote juu ya mto Danube yakalipuliwa. Sisi tuliopoteza mwaka mmoja kwa ajili ya korona na bado tunaulalamikia, tunyamaze kidogo.

Olimpiki ilirudi 1948, mjini London. Mashindano ya kulenga yalikuwa Bisley, nje ya jiji. Takács alikuwa na miaka 38. Mtu aliyepewa nafasi kubwa alikuwa Carlos Enrique Díaz Sáenz Valiente wa Argentina, bingwa wa dunia. Inasemekana kabla ya mashindano Díaz alimuuliza, kwa mshangao wa kweli, amekuja London kufanya nini, na Takács akamwambia kwamba amekuja kujifunza. Nikisoma jibu hilo hucheka peke yangu. Halina matusi wala majigambo, na bado ni baya sana kwa mtu atakayeshindwa kesho yake.

Akapata 580, rekodi mpya ya dunia. Díaz akawa wa pili na 571. Pigia hesabu: katika risasi 60, kwa mkono wa akiba, kwa shabaha zisizokusubiri, alipoteza pointi 20 pekee kutoka kwa jumla yote iwezekanayo. Pengo la pointi 9 kwenye mchezo huu si pengo, ni bonde la ufa. Husimuliwa kwamba wakiwa jukwaani Díaz alimwambia kuwa sasa amejifunza vya kutosha.

Miaka minne baadaye Olimpiki ikaenda Helsinki. Angalia hiyo miji: London na Helsinki, ileile miwili iliyokuwa imefutwa kwake. Ni kama mtu aliyerudi kuchukua deni mlango kwa mlango.

Helsinki 1952 haikuwa rahisi kama London. Takács alipata 579. Wa pili alipata 578. Pointi moja, yaani risasi moja kati ya 60 iliyokaa upana wa uzi upande wa ndani. Na huyo wa pili alikuwa nani? Szilárd Kun, Mhungaria mwenzake, kijana wa miaka 17, ambaye Takács mwenyewe alikuwa akimfundisha. Mzee wa miaka 42 akamshinda mwanafunzi wake kwa pointi moja na kuwa mtu wa kwanza kutetea dhahabu ya mchezo huo. Mimi nisingejua nicheke ama niombe msamaha. Lakini kwangu hiyo fedha ya Kun inapendeza karibu kama dhahabu, kwa sababu ni ushahidi kwamba alichokuwa nacho Takács kingeweza kutolewa na kupewa mtu mwingine, mtu mwenye mikono yake yote.

Alirudi tena Melbourne mwaka wa 1956, Olimpiki ileile ambayo Kenya ilishiriki kwa mara ya kwanza na Nyandika Maiyoro akamaliza wa saba katika mbio za mita 5,000. Takács alimaliza wa nane. Alikuwa na miaka 46. Nyumbani, vifaru vya Kisovieti vilikuwa vimeingia Budapest wiki chache kabla ya michezo kufunguliwa kuzima maasi ya wananchi, na Wahungaria wengi waliokuwa Melbourne hawakurudi kwao tena. Sitamlaumu mtu yeyote kwa kupiga vibaya mwezi kama huo.

Yeye alirudi. Aliendelea kushindana na kufundisha, akakusanya mataji 35 ya kitaifa. Na jeshini, yule sajini ambaye mwaka wa 1936 aliambiwa mchezo huu ni wa maafisa, alistaafu akiwa luteni kanali.

Alifariki Budapest tarehe 5 Januari 1976, siku 16 kabla ya kufikisha miaka 66.